Tairi limepasuka, na sauti yangu iko kwenye simu ya dereva

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu hamjambo. Naomba mnisome mpaka mwisho maana hii wiki ya pili usingizi sina.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, nina kirikuu kangu, kale kagari kadogo ka mizigo, nilikachukulia mkopo, kanabeba nyanya kutoka Mlali kuleta mjini. Nilimpa kijana mmoja anaendesha ananiletea hesabu 20,000 kwa siku, mkataba wa maandishi hatuna, tulikubaliana mdomoni tu. Mwezi uliopita akanipigia, bosi tairi za mbele zimekuwa vipara, kashata (yale meno ya tairi) hamna kabisa, trafiki akiziona nimekwisha. Nikauliza mpya bei gani, akasema mbili inafika kama laki mbili na nusu. Sasa hapo ada ya mtoto inanisubiri, nikamtumia 90,000 nikamwambia katafute za mtumba.

Akapata, akafunga, jioni akanitumia voisi: "Bosi kashata zipo, ila ubavuni zina mipasuko mipasuko, mi roho haijatulia." Na mimi nikamjibu kwa voisi, "We piga nazo hivyo hivyo mpaka mwisho wa mwezi, kwani unaenda nazo Dar?" Nilikuwa nasahihisha mitihani, wala sikuitilia maanani.

Siku ya nane saa saba mchana jua linawaka, yuko barabara ya Iringa karibu na Sangasanga amejaza matenga ya nyanya, tairi la mbele kulia likapasuka paa, gari likavutwa kulia likamfuata kijana wa bodaboda aliyekuwa anakuja upande wake kabisa hana kosa lolote. Yu hai tunamshukuru Mungu, ila mguu umevunjika, kawekewa chuma, na pikipiki yenyewe si yake ni ya mkataba, kwa hiyo mwenye pikipiki naye ananipigia kila asubuhi. Mpaka sasa nimeshatoa 400,000 na ndugu zake wanasema hiyo ni ya kuanzia tu.

Sasa kila mtu anamtupia mwenzake. Nilimfuata muuza tairi, akacheka, eti mtumba hauna garantii, na risiti yenyewe ni kikaratasi cha daftari hakina hata muhuri. Akasema kosa ni la dereva, kajaza mzigo halafu upepo haukutosha. Nikamuuliza fundi mwingine nisiwe mjinga, akaniambia ni kweli, upepo ukiwa mdogo na mzigo mkubwa ubavu wa tairi unajikunja kila linapozunguka, linapata moto ndani mpaka linaachia, na kama mpira ushazeeka ndio basi tena. Na hivi vikirikuu vya Japani vimeandikwa kilo 350, sasa piga hesabu matenga 15 ya nyanya ni kilo ngapi. Nilikuwa najua anajaza? Nilikuwa najua. Hiyo 20,000 ingetoka wapi.

Mtu wa bima naye akaja akapiga picha tairi. Akanionyesha tarakimu nne ubavuni, 3511, akasema hilo limetengenezwa wiki ya 35 mwaka 2011. Yaani nimefunga tairi lililoniona nikiwa bado chuo! Wenzangu nendeni sasa hivi mkaangalie za kwenu, ziko mwishoni mwa yale maandishi yanayoanza na DOT, kashata isikudanganye. Bima yangu ni ile ndogo, ya kumlipa mtu mwingine anayegongwa, na huyo wa bima akasema gari lilikuwa bovu hivyo wanaweza wasilipe. Mtoto wa kaka yangu anasoma sheria, yeye anasema hapana, bima ndogo iliwekwa na sheria kwa ajili ya huyo aliyegongwa sio kwa ajili yangu, kwa hiyo wamlipe kwanza halafu wakitaka wanidai mimi, na wakikataa niende kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kuna aliyewahi kufika huko anieleze inachukua muda gani?

Lakini linaloninyima usingizi sio hilo. Dereva ndiye alikamatwa, yuko nje kwa dhamana, wanasema kesi ni ya uzembe na kuendesha gari bovu. Mume wangu anasema nikae kimya, dereva ndiye mwenye leseni, ndiye anayetakiwa kukagua gari kabla hajawasha, na kwa vile analeta hesabu sio mwajiriwa wangu, ni kama amekodi. Shemeji yangu yeye kaenda mbali zaidi, anataka nimpe kijana laki mbili afute zile voisi. Huyo kijana hata hajanitishia nazo. Juzi kaja nyumbani na mama yake, wakakaa, wakanywa chai, akasema tu "bosi we unajua ilivyokuwa," mama yake akainamisha kichwa. Nilishindwa hata kuwasindikiza.

Naomba wanaojua sheria mniambie, mwenye gari aliyeambiwa tairi ni bovu akasema piga nalo, anabeba kiasi gani na dereva aliyekubali kuendesha anabeba kiasi gani? Muuza tairi naye naweza kumuunganisha kwa kile kikaratasi cha daftari au nitapoteza nauli bure? Jumatatu nimeitwa polisi kuandika maelezo. Ile voisi niitaje mwenyewe, au nisubiri niulizwe?

Mwalimu, Morogoro