Barua kwa mwanangu: hesabu ya mshahara wa Thailand

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Nimeisoma mikataba yote miwili ya kufundisha Kiingereza Thailand uliyonitumia, wa Bangkok na wa Surin. Mamako ameninong'oneza kwamba moyo wako tayari uko Bangkok, kwa kuwa 32,000 ni nyingi kuliko 25,000. Mimi nasema kubali Surin. Nivumilie nikueleze, maana kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu ilikuwa kushinda na hati za mishahara ya walimu pale sacco. Mwalimu huja kukopa akiwa ameitazama tarakimu ya juu ya karatasi, na mwezi mzima huishi kwa tarakimu ya chini.

Tuanze na Bangkok. Wakala anakupa baht 32,000 kwa mwezi. Baht moja ni kama shilingi 4 zetu za Kenya, kwa hiyo hizo ni kama 128,000, na sikulaumu kwa kufurahi. Lakini mkataba ni wa miezi 10. Mwaka wa shule huko huanza katikati ya Mei na kumalizika mwezi Machi, na wakala amekata malipo palepale shule zinapofungwa. Kuanzia hapo mpaka Mei nyingine huna senti, wala hakuna pahali palipoandikwa kwamba utarudishwa kazini. Mwenye nyumba atadai kodi ya Aprili kama kawaida. Isitoshe, ruhusa yako ya kukaa nchini imeshikana na kazi. Kazi ikikoma nayo inakoma, na anayepitisha muda hutozwa baht 500 kwa kila siku hadi faini ifike 20,000. Sasa chukua 320,000 ugawanye kwa miezi 12. Unapata baht 26,667 kwa mwezi, na huo ndio mshahara wa kweli wa Bangkok.

Surin wanatoa 25,000 kwa miezi 12, Aprili ikiwemo, na chumba ndani ya uwanja wa shule bila kodi. Kwa mwaka ni 300,000. Bangkok, chumba cha kawaida chenye choo chake, karibu na treni, hesabu 8,000 kwa mwezi, na nimekadiria chini. Hizo ni 96,000 kwa mwaka. Weka nauli ya treni na basi, 1,500 kwa miezi 10 ya kazi, ni 15,000 nyingine. Zimebaki 209,000. Surin utakodi pikipiki kwa 2,500, kwa mwaka 30,000, zinabaki 270,000. Tofauti ni baht 61,000, karibu shilingi 244,000, na bado hujala wali wa kwanza. Mkataba ulio mdogo kwa mwezi ndio mkubwa kwa mwaka.

Kuna na gharama ya kuingia, ambayo haionekani mkatabani. Mwenye nyumba wa Bangkok kwa kawaida hutaka amana ya miezi 2 pamoja na kodi ya mwezi wa kwanza, yote siku ya kupewa ufunguo. Kwa chumba cha 8,000 ni baht 24,000 mkononi, sawa na shilingi 96,000, ilhali mshahara wa kwanza hulipwa mwisho wa Mei, au Juni ikiwa fomu zako za benki zimechelewa. Pesa hizo zingetoka wapi? Najua ulikuwa unafikiria zile programu za mikopo ya simu. Usithubutu. Sacco inakopesha kwa asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, na akiba yangu inaniruhusu kukopa mara 3 yake. Mkopo wa nauli na wa matumizi ya mwezi wa kwanza nitauchukua mimi kwa jina langu, utanirudishia polepole. Hilo nimeshazungumza na mamako, kwa hiyo usianze kubishana.

Nimempigia yule mwenzako mliyesoma naye Chuo Kikuu cha Pwani, aliye huko sasa, nikamwuliza maswali ya kuchosha mpaka akacheka. Kwa maelezo yake, hesabu yako ya mwezi Surin iwe hivi. Sahani ya wali na kuku sokoni ni baht 40 hadi 60, kwa hiyo 200 kwa siku inatosha chakula, maji na matunda; hiyo ni 6,000. Pikipiki 2,500. Simu na intaneti 400. Umeme na maji 1,000, na hapa uliza mapema kama shule inakutoza kwa bei ya shirika la umeme. Nyumba nyingi za kupanga hutoza baht 7 au 8 kwa uniti, karibu maradufu ya bei ya serikali, na ukilala na kiyoyozi mwezi Aprili ndipo utakapoelewa nasema nini. Makato ya mfuko wa walimu wa shule za binafsi, weka 750. Nguo, sabuni, kutoka na wenzako, sadaka, 2,500. Jumla ni 13,150, na zinabaki 11,850. Toa 1,850 za dawa na za karatasi za uhamiaji, umebaki na 10,000 safi. Ni shilingi 40,000 kila mwezi baada ya kula na kulala. Hapa nyumbani, kama mwalimu wa mafunzo katika sekondari ya msingi, ulikuwa unapewa 20,000 kabla ya makato, na bado nauli na kodi vinakungoja.

Kuhusu hizo karatasi, usizipuuze kwa kuwa ni ndogo ndogo. Kuongeza muda wa viza ni baht 1,900. Kibali cha kazi cha mwaka ni kama 3,100. Ukitaka kutoka nchini na kurudi bila viza kufa, kibali cha kuingia tena ni 1,000 kwa safari moja. Kila baada ya siku 90 unaripoti uhamiaji mahali unapokaa. Kuripoti ni bure, lakini ukichelewa faini ni 2,000. Shule nzuri hulipia viza na kibali cha kazi. Mkataba wa Surin umenyamaza juu ya hilo, kwa hiyo uliza kwa maandishi.

Sasa jambo litakalokuuma, na ni bora likuume ukiwa hapa. Utakuta shuleni Mwingereza au Mmarekani anayefundisha vipindi sawa na vyako, pengine ana shahada ya mambo mengine kabisa, na analipwa 35,000 au 40,000. Wewe una shahada ya elimu, Kiingereza na fasihi, umesajiliwa na TSC, tume yetu ya walimu, na bado wanakutaka ulete cheti cha TOEIC, mtihani wa Kiingereza, cha alama 600. Katiba yetu ya 2010 inakitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi pamoja na Kiswahili, lakini tangazo la kazi la Asia linasoma pasipoti kwanza, na mara nyingine picha kabla ya pasipoti. Ndiyo maana yule ajenti wa Mombasa aliyekuahidi shule za serikali za Korea Kusini nilimfukuza mlangoni. Mpango wao wa EPIK hupokea walimu wa nchi 7: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kenya haimo, na hakuna ada ya ajenti itakayoiingiza. Ubaguzi huu sikuombi uupende. Ninachotaka ni uupangie bei. Mwaka wa kwanza chukua 25,000. Mwaka wa pili, ukiwa na matokeo ya wanafunzi na barua ya mkuu wa shule, omba nyongeza, na wakikataa uwe tayari una mahali pengine pa kwenda. Shule za Ghuba, kwa mfano, hutaka uzoefu wa miaka 2 kwanza. Falme za Kiarabu mshahara haukatwi kodi ya mapato, na mfanyakazi anayeondoka hulipwa kiinua mgongo cha siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka 5 ya mwanzo. Angalia neno msingi: huko waajiri hupenda kuupunguza mshahara wa msingi na kuzidisha marupurupu, ili kiinua mgongo kitoke kidogo. Lakini hiyo ni barua nyingine.

Kufundisha watoto majumbani jioni kwa malipo, najua wenzako wanafanya. Kibali cha kazi humtaja mwajiri. Ukitaka vipindi vya ziada, omba shule ikupe hapohapo, Jumamosi, iwe halali na iingie kwenye hati yako ya mshahara. Baht 400 za saa moja zisije zikakutoa nchini.

Kuna na lile ambalo mamako amenikataza kulisema kwa sauti, kwa hiyo naliandika. Tangu 2022 wizara yetu ya mambo ya nje imekuwa ikionya juu ya Wakenya wanaopelekwa Thailand kwa ahadi za kazi nzuri, kisha wakajikuta Myanmar, kwenye makambi ya utapeli wa mtandaoni, wamenyang'anywa pasipoti na kulazimishwa kuwaibia watu usiku kucha. Mapema 2025 wengi waliokolewa upande wa Myawaddy, mji wa Myanmar ulio mpakani. Njia yao ilikuwa moja: wanashuka uwanja wa Bangkok, wanapokewa na gari, wanaendeshwa saa nyingi kuelekea magharibi hadi Mae Sot, kisha wanavushwa mto Moei ulio mpakani. Surin iko kaskazini mashariki, treni ya kutoka Bangkok inafika mjini kwenyewe. Dereva yeyote akikutajia Mae Sot, usipande gari lake hata akiwa na jina lako kwenye kibao. Viza ya kazi ichukue hapa Nairobi, kwenye ubalozi wa Thailand, kwa barua ya shule yenyewe. Najua wapo wanaoingia kwa viza ya utalii na kubadilisha wakiwa huko, na wengine wamefaulu. Wewe hutaingia hivyo. Na wakala yeyote wa Kenya anayetaka ada, jina lake tulitafute kwanza kwenye orodha ya mawakala wenye leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Zile 10,000 zinazobaki, nimezipangia, ingawa ni zako. Miezi 3 ya kwanza usitume chochote nyumbani, hata shangazi yako akikupigia simu, na atakupigia. Pesa hizo zikae kwenye akaunti yako mpaka zitoshe nauli ya kurudi, na nauli hiyo isiguswe kwa harusi wala matanga. Baada ya hapo anza kulipa HELB, bodi iliyokukopesha karo ya chuo. Mkopo wao hauulizi uko nchi gani, riba ni asilimia 4 kwa mwaka, na faini ya asiyelipa ni shilingi 5,000 kwa mwezi, ambayo inauma kuliko riba yenyewe. Kisha unirudishie mimi, halafu ndugu yako wa kidato cha tatu. Ukituma, linganisha kiwango cha kubadilisha fedha pamoja na ada, maana wapo wanaotangaza kutuma bure na kukukata kwenye baht.

Pikipiki: helmeti na leseni halali, tangu siku ya kwanza. Bima haimlipi asiye na leseni, na hospitali ya binafsi huko haina huruma ya bili.

Jambo la mwisho kabla hujasaini. Mkataba wa Surin umeandikwa kwa Kiingereza na Kithai, na kifungu cha mwisho kinasema pakiwa na tofauti, Kithai ndicho kinachofuatwa. Hujui Kithai, nami sijui. Mwenzako ana mwalimu wa Kithai anayemwamini. Mwombe asome kurasa za malipo, likizo na kuvunja mkataba, hasa kama miezi ya likizo, Aprili na Oktoba, imeandikwa kuwa inalipwa katika lugha zote mbili na kama ukiondoka mapema wanakudai chochote. Waandikie shule leo uulize viza analipia nani, umeme ni bei gani kwa uniti, na mshahara wa kwanza unaingia tarehe ngapi. Majibu yakija nitumie kabla ya Ijumaa, nipate kupeleka fomu ya mkopo sacco wakiwa wazi.

Babako