Barua kwa Wazazi na Walezi wa Kidato cha Tano: Likizo ya Juni na Somo la Uchumi

Ofisi ya Mkuu wa Shule,
Mtwara.
Juni 2025

Ndugu Mzazi/Mlezi,

YAH: KUFUNGA MUHULA NA MSAADA WA SOMO LA UCHUMI

Salaam. Tumefunga muhula salama. Ripoti ya mwanao anayo mkononi. Tarehe ya kurudi, michango ya chakula na vifaa vya kuja navyo viko nyuma ya ripoti hiyo, kwa hiyo sitavirudia hapa. Nina jambo moja.

Tangu Machi, wanafunzi wa HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) na EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) wamekuwa wakinifuata ofisini baada ya prepo. Walianza wawili, wakawa sita, mwisho ofisi ikajaa tukahamia darasani. Mwalimu wa Uchumi tunaye mmoja tu, na mimi nililifundisha somo hilo kabla ya kupewa shule, basi nikashika chaki tena. Nilidhani wamekwama kwenye michoro ya ugavi na mahitaji. Kumbe kuchora wanajua, na maana za maneno wanazikariri mpaka nukta. Swali la kwanza lilikuwa hili: "Mwalimu, tunasikia uchumi wa nchi ulikua kwa asilimia 5.5 mwaka jana. Ulikulia wapi? Mbona kwetu Newala haujafika?"

Wenzake wakacheka. Mimi nikaandika ubaoni. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 61,741,120, na tangu sensa ya 2012 tumekuwa tukiongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Sinia la wali limeongezeka kwa 5.5, wanaolizunguka wameongezeka kwa 3.2, kwa kila mkono inabaki nyongeza ya asilimia mbili na kitu. Na wali wenyewe haukuongezeka sawasawa pande zote. Shughuli za fedha na bima, umeme na mawasiliano zilikua haraka. Kilimo, ambacho ndicho kinalisha nyumba nyingi za hapa, kilikwenda polepole. Yule kijana wa Newala akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe wote tuko sawa, wanaosema umekua na mimi ninayesema haujafika."

Wiki iliyofuata wakauliza kwa nini Serikali ikope ilhali Benki Kuu ndiyo inayotoa noti. Hilo nililijibu kwa maandazi. Nilinunua 10 kwa mama wa kantini, nikagawa vikaratasi vitano vya kuwa noti kwa kila mwanafunzi, tukapiga mnada. Kisha nikawaongezea vikaratasi mara mbili, tukaanza upya kwa maandazi yale yale. Bei ikaruka, na aliyekosa raundi ya kwanza akakosa na ya pili. Baada ya hapo nilipowaeleza kuwa Benki Kuu, iliyofunguliwa mwaka 1966, inaangalia wingi wa fedha na kupanga riba yake, ambayo Aprili 2024 ilipandishwa kuwa asilimia 6, hakuna aliyesinzia. Maandazi yaliliwa, msiulize na nani.

Lakini somo kubwa kuliko yote lilitoka kwenu. Mwanafunzi mmoja alikuja na karatasi ya malipo ya korosho ya baba yake, imekunjwa mara nne ndani ya daftari. Juu bei ya mnada, chini yake makato: ya halmashauri, ya chama cha msingi cha ushirika, ya chama kikuu, ya ghala. Tulikaa nayo jioni mbili. Bei ya mnada wa kwanza wa Oktoba 2024 ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Kwa nini ipite, na mwaka 2018 kwa nini wanunuzi walishindwa kufika bei mpaka Serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa 3,300? Wengi wanakumbuka malori ya jeshi yaliyobeba korosho, walikuwa darasa la sita. Tukafuata gunia moja mpaka India na Vietnam, tukaona dola inavyoingia, na ushuru unaotozwa korosho ghafi inapotoka nje ya nchi. Nikawakumbusha kuwa mwishoni mwa 2024 shilingi ilipanda thamani. Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Sasa shilingi ikiwa na nguvu, si mkulima anapata shilingi chache kwa dola ile ile?" Ndiyo, mama. Sijasikia swali zuri kuliko hilo muhula mzima. Na kuhusu kangomba, yaani ununuzi wa korosho kwa bei ya chini nje ya mfumo rasmi, wao ndio walionifundisha mimi. Hakuna kitabu kilichoeleza vizuri namna hiyo kwa nini mtu auze korosho ingali juu ya mti.

Ndiyo maana nawaandikia. Wengi mmenipigia kuuliza twisheni ya likizo. Kwa somo hili, fedha hiyo itunzeni. Madesa (maandishi ya kunakili na kukariri) wanayo ya kutosha. Wanachokosa ni hesabu halisi ya kushika mkononi, na hiyo mnayo nyumbani. Mwonyesheni mtoto karatasi za malipo, daftari la duka, deni la pembejeo kama lipo. Najua wengi wetu hatupendi mtoto ajue kilichomo mfukoni, na mimi nimo humo. Lakini huyu ni mtu mzima wa miaka 18. Najua pia kuwa Juni ni mwezi wa salfa, dawa ya mikorosho. Apulize, hakuna ubaya, ila jioni mkae naye mpige hesabu ya kilichotumika kwa kila mti.

Katikati ya mwezi huu bajeti kuu itasomwa Dodoma. Ya mwaka 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35. Sikilizeni pamoja, kisha mwambieni amweleze bibi yake, kwa Kiswahili, fedha hiyo inatoka wapi. Mtihani ataufanya kwa Kiingereza, sawa, lakini mfumuko wa bei ukimshinda kumweleza bibi, basi hajauelewa, amekariri tu.

Kila mwanafunzi amepewa karatasi yenye vitu vitano: sukari, mchele, unga, mafuta ya kula na nauli ya bodaboda mpaka sokoni. Aandike bei kila Jumamosi, duka lile lile, bila kukisia. Shule ikifunguliwa tutaziweka pamoja tutengeneze kipimo chetu cha bei, cha Newala, Masasi, Tandahimba na Mtwara mjini, tukilinganishe na kile cha taifa. Karatasi ikilowa au ikipotea, daftari lolote linatosha.

Wako katika malezi,

Mkuu wa Shule