Jumamosi tunakaa kuhusu ile ajali ya mkanda wa mashine
Wandugu habari zenu, Jumamosi saa nne asubuhi tukutane kantini, wa shifti ya usiku msikose tafadhali. Hatutafuti wa kumbebesha lawama, maana tukishasema "alizembea" tunafunga faili na kesho anaumia mwingine, tuulize "kwa nini" mara tano mpaka tufike kwenye chanzo, kama wanavyofanya Toyota: kava la roli (ile silinda inayozunguka chini ya mkanda) nani aliruhusu litolewe, na kwa nini watu wanafuta roli na tambara mashine ikiwa inatembea?? Mi naona swichi kubwa izimwe, ipigwe kufuli, ufunguo akae nao mfukoni yule yule anayesafisha, sio supavaiza. Na zile habari za kunusurika, pale ajali ilipokaribia kutokea, pia mzilete, msione aibu jamani, kidole kilichoponea chupuchupu nacho ni taarifa.