Barua ya wazi kwa wanangu wa vyuo vya afya hapa Tanga, kuhusu pepa za bakteria na jeni

Wanangu na wajukuu zangu mnaosoma maabara, uuguzi, utabibu na ufamasia hapa Tanga, asalaam aleikum, na salaam kwa wote. Shikamoo zenu nazipokea kila jioni mkipita hapa barazani kwetu Ngamiani, lakini wiki hii nimewaona na madesa, zile notsi za kukariri, mkononi, macho mekundu, mtu anatembea huku midomo inamchezacheza kama anavuta uradi. Nikamuuliza mmoja mwanangu vipi, akanambia bibi, Jumatatu maikrobayoloji, somo la vijidudu, Jumatano jenetiki, somo la jeni na urithi, nakesha mpaka kieleweke. Nimefanya kazi maabara miaka 30 na kitu mpaka nikastaafu, hili siwezi kulinyamazia.

Mnaujua usemi wa mji wetu, waja leo waondoka leo. Basi somo la kukesha ndo hilohilo, linakuja usiku na asubuhi limeshapanda basi. Mimi mwenyewe mwaka wangu wa pili nilishika supu ya jenetiki, yaani nilifeli nikarudia mtihani, na sio kwamba sikusoma, nilikariri notsi zote neno kwa neno, nilikuwa naweza kuzisema nimefumba macho. Siku ya pepa mwalimu akageuza swali kidogo tu, akaleta familia ambayo haikuwepo kwenye notsi, nikakaa masaa mawili naandika vitu ambavyo sikuulizwa. Ile supu niliisoma tofauti. Nilikuwa kila jioni namsimulia marehemu mama yangu jikoni, kwa Kiswahili, na mama alikuwa hajui kusoma ila anauliza maswali makali kuliko mwalimu, kwanini, sasa hiyo inatokaje, mbona jana ulisema vingine. Pale nilipokwama kumjibu ndo pale nilikuwa sielewi. Kwaiyo ninachowaomba ni hiki tu, kila mada isimulieni kwa Kiswahili kwa mtu asiyeijua, alafu ndo mwende kuandika Kiingereza cha pepa. Ukielewa, yale maneno ya Kiingereza yanakuja yenyewe kama nguo inavyokaa mwilini.

Hebu tuanze na mutesheni, yale mabadiliko ya herufi za jeni, maana najua zinawatesa. DNA, ule uzi wa urithi ndani ya seli wenye maelekezo ya kutengeneza protini, inasomwa herufi tatu tatu, kila tatu ni kodoni moja, na haina nafasi katikati ya maneno. Sasa andika sentensi hii ya herufi tatu tatu: MTU ALA UJI ULE HII SAA. Badilisha herufi moja tu, ile U ya kwanza weka I, unapata MTI ALA UJI ULE HII SAA. Sentensi bado inasomeka ila mti unakula uji, maana imeharibika sehemu moja. Sasa rudi mwanzo, usibadilishe, futa kabisa ile U. Unapata MTA LAU JIU LEH IIS AA. Umepoteza herufi moja na kila kilichofuata kimekuwa takataka, kwasababu msomaji bado anahesabu tatu tatu. Ndo maana kupotea kwa herufi moja mara nyingi kuna madhara kuliko kubadilika kwa herufi moja, na zikipotea tatu zinazofuatana mara nyingi kinapungua kipande kimoja tu cha protini, kwingine kunasomeka kama kawaida. Mjukuu wangu wa darasa la sita nilimwonyesha hii kwa chaki hapa sakafuni, akaelewa kwa dakika kumi.

Maikrobayoloji nayo msiisome kama orodha ya majina. Gram, yule daktari wa Denmark Hans Christian Gram, alitoa njia yake ya kupaka bakteria rangi na kuwagawa makundi mawili, chanya na hasi, mwaka 1884 na mpaka leo ndo mlango wa kuingilia. Wote mnajua hatua, kristali vayoleti ya zambarau, iodini, spiriti, safranini ya pinki, mnaziimba vizuri kabisa. Nikiuliza spiriti inafanya nini mnanyamaza! Sikilizeni. Gram chanya ana ukuta mnene wa peptidoglaikani, ule wavu mgumu unaomzunguka, spiriti ikipita inaukausha, vitundu vinabana, ule mchanganyiko wa rangi na iodini unafungiwa ndani, anabaki zambarau. Gram hasi ukuta wake mwembamba na nje ana ngozi ya mafuta, spiriti inayeyusha yale mafuta na rangi inatoka, ndo safranini inamkuta mtupu anakuwa pinki. Ukishajua hivyo, pepa ikikuuliza mwanafunzi amezidisha muda wa spiriti ataona nini, hutafuti kwenye desa, unajua kwamba hata yule chanya atavuliwa rangi na utamwita hasi. Mimi hilo lilinipata kazini nikiwa mgeni, nilizidisha sekunde, slaidi nzima ikawa pinki, bahati nzuri mkubwa wangu aliomba tuirudie kabla jibu halijaenda wodini. Maumbo yenyewe yapo kwenye majina, stafilokokasi ni kichala cha zabibu, streptokokasi wamejipanga kama tasbihi, na bakteria wa kipindupindu, hata kama jina halisemi, amejikunja kama alama ya koma.

Na swali la kuzaliana kwa bakteria likija, kumbukeni sufuria la mchuzi wa tui lililosahaulika nje. E. koli akiwa kwenye joto zuri na chakula anagawanyika kila dakika 20 hivi. Anzeni na mmoja saa nne usiku, mpaka saa kumi na mbili asubuhi ameshagawanyika mara 24, hao ni 16,777,216. Pigeni wenyewe hesabu msiniamini mimi. Alafu hamira ya vitumbua sio bakteria jamani, hamira ni fangasi, ana kiini, kila mwaka kuna mtu anakosa maksi hapo.

Mitosisi, seli kujinakili zikawa mbili zinazofanana, na meiosisi, seli kugawa kromosomu zake (nyuzi zinazobeba jeni) nusu kwa nusu ili kutengeneza seli za uzazi, someni kwenye mkonge, maana tumezungukwa nao. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vimiche vya mkonge kutoka Florida, katika elfu moja vikafika hai 62 tu, na mashamba yakaanzia hapo. Mkonge haupandwi kwa mbegu, vimiche vinaota kwenye mlingoti wake au pembeni ya shina, ni mitosisi tupu, mtoto ni mama yuleyule. Kwanini mbegu zinamshinda? Kwasababu ana seti tano za kromosomu, na meiosisi inataka kila mmoja apate mwenzake wa kusimama naye, watano hawagawanyiki wawili wawili. Mkipita shambani njia ya Muheza tazameni ile milingoti mjieleze kwa sauti.

Lililonifanya nikae niandike ni hili la sikoseli, ule ugonjwa wa kurithi wa damu, seli nyekundu zinapojikunja kama mundu. Herufi moja, GAG imekuwa GTG kwenye jeni ya hemoglobini, kwenye protini kipande cha glutamiki kimetoka, cha valini kimeingia, ni ule mti unaokula uji. Mtafiti Anthony Allison alionyesha mwaka 1954 kwamba mwenye jeni hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu, AS (A ni jeni ya kawaida, S ya sikoseli), anakingwa na malaria kali, ndo maana jeni hii haijatoweka ukanda wetu. Baba AS na mama AS, mnachora kile kisanduku mnapata robo SS ambao ni wagonjwa, nusu AS, robo AA. Wote mnaipata kwenye pepa. Lakini niliwahi kukutana na mama amembeba mtoto wa pili mgonjwa, analia, ananambia kijana aliyetoka chuo juzi alimwambia ni mmoja katika wanne, na wa kwanza ameshaumwa kwaiyo watatu wanaofuata wazima. Yule kijana alifaulu jenetiki! Ile robo inaanza upya kila mimba, haikumbuki mtoto aliyepita, kama shilingi unavyoirusha haikumbuki ilivyoanguka mwanzo. Yule mama hakuelezwa hivyo.

Na makundi ya damu kadhalika. Baba wa kundi A na mama wa kundi B wanaweza kabisa kuzaa mtoto wa O kama wote wamebeba O kwa siri. Mkifaulu nusunusu mtakwenda kuvunja ndoa za watu.

Kukesha acheni, laleni, fumbeni daftari muandike mnachokumbuka alafu mfungue muone mlipokosa, mrudie kesho na tena baada ya siku tatu. Jumamosi na Jumapili baada ya alasiri nipo barazani. Njooni na chaki, madesa yaacheni nyumbani, na atakayefika wa kwanza ananisimulia meiosisi, nami nitauliza kama alivyokuwa ananiuliza mama.