Kwenye filamu zetu, dada wa kazi halipwi mshahara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu namna filamu zetu za Kibongo zinavyomchora dada wa kazi. Nimezitazama tangu enzi za kukodi kanda mtaani hadi leo zinapowekwa YouTube, na kuna jambo sikumbuki kuliona hata mara moja: dada akipokea mshahara. Tunamwona akipiga deki, akimwagiwa maji, akifumaniwa na baba mwenye nyumba, akipeleka nguo ya bosi wake kwa mganga. Mwisho wa mwezi haufiki.

Mshahara si jambo dogo, maana ndio unaomfanya mtu awe mfanyakazi. Ukiuondoa, anabaki kuwa mvunja ndoa, au yatima wa kuliliwa, au kichekesho. Mama yangu mzazi alilea watoto wa watu Upanga kabla sijazaliwa, na katika yote aliyonisimulia kuhusu miaka ile, hesabu za mshahara hazikukosekana: nani alimlipa kwa wakati, nani alimkata kwa sahani iliyovunjika.

Kichekesho ndicho kinachoniuma zaidi. Nilikuwa kwenye basi natoka Dodoma kuja Dar, kondakta akatuwekea filamu. Msichana wa kazi katika filamu hiyo katoka Singida, na mwandishi ameona hiyo inatosha kuwa tabia yake yote: anashtuka akiona friji, anaongea Kiswahili cha kuigiza lafudhi ya Kinyaturu, anaitwa mshamba kila akifungua mdomo. Basi zima likawa linacheka. Mbele yangu alikaa binti mdogo, kitenge kipya, begi mapajani, kando ya mama mmoja wa mjini ambaye tangu safari ianze alikuwa akimweleza watoto wanaamka saa ngapi na nani hali pilipili. Mwanzoni binti alikuwa akiitikia na kuuliza maswali. Baada ya filamu ile aliitikia kwa kichwa tu, mpaka tunashuka Mbezi.

Wapo watakaosema mambo ya ubaguzi wa rangi ni ya Wamarekani, sisi hayatuhusu. Kwetu mkoa na kabila vinabeba mzigo ule ule. Na rangi yenyewe ipo: angalieni ni mara ngapi mama mwenye nyumba ni mweupe wa mawigi na dada ni mweusi aliyefungwa kilemba kibovu.

Huko Marekani, Hattie McDaniel alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupata Oscar, mwaka 1940, kwa kuigiza mtumwa wa nyumbani katika Gone with the Wind. Usiku wa tuzo alikalishwa meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake wazungu. Miaka 72 baadaye Octavia Spencer alipata Oscar kwa kuigiza mtumishi wa ndani wa wazungu katika The Help. Viola Davis, aliyeigiza naye, alisema mwaka 2018 kwamba anajutia filamu hiyo kwa kuwa sauti za watumishi wenyewe hazikusikika. Ni kweli, maana hadithi yao ilipitishwa kwa binti wa kizungu anayetaka kuwa mwandishi.

Lakini Afrika tulishapata jibu mapema. Mwaka 1966 Ousmane Sembène wa Senegal alitoa filamu ya La Noire de..., ya saa moja hivi, nyeusi na nyeupe. Diouana, msichana wa kazi, anachukuliwa kutoka Dakar, alikokuwa akilea watoto wa familia ya Kifaransa, anapelekwa Antibes, Ufaransa. Akifika huko anageuzwa mpishi, mfua nguo, msafisha nyumba, na mlango wa kutokea hauoni. Akivaa viatu vyake vya kisigino anaambiwa avivue, asisahau kuwa yeye ni mtumishi. Mgeni wa chakula cha mchana anambusu kwa nguvu, eti hajawahi kumbusu mwanamke mweusi. Mke wa nyumba ndiye mkali, lakini Sembène hamwachi mume asalimike kwa upole wake. Barua ikija kutoka kwa mama yake Diouana, mume anamsomea, kisha anachukua kalamu na kuanza kumwandikia majibu bila kumuuliza anataka kusema nini. Diouana anaichana barua. Muda wote huo sisi tunayasikia mawazo yake, wakati wenye nyumba wanadhani hana la kusema. Na fedha imo: mshahara unacheleweshwa, unakuja wakati haumfai tena, na Diouana akishajiua, mume anaupeleka Dakar kwa mama mtu, naye anaukataa.

Msidhani ni mambo ya zamani. Mwaka 2017 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu Watanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu: pasipoti kushikiliwa, mishahara kunyimwa, kufanya kazi mpaka usiku wa manane. Ni Diouana yule yule, na safari hii anaongea Kiswahili chetu.

Wala si lazima kazi hii iwe ya msichana. Enzi za mkoloni hapa Tanganyika wapishi na watumishi wa majumbani wengi walikuwa wanaume watu wazima. Leo filamu zetu zinamchukulia binti wa kijijini kana kwamba alizaliwa na ufagio mkononi.

Watayarishaji wetu sisemi watuletee mahubiri. Nasema wanaacha hadithi nzuri zimelala jikoni. Amri ya mishahara ya mwaka 2022 ilimwekea mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri wa kawaida kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi. Hebu mwandishi mmoja amfuate dada na fedha hiyo: kiasi gani kinatumwa kijijini kwa simu, kiasi gani anaambiwa "nitakutunzia mimi", na siku anayoidai kunatokea nini sebuleni. Wakikosa pa kuanzia, CHODAWU ni chama cha wafanyakazi chenye wanachama wa kazi hii; wakakae nao, wawasikilize, kisha wawalipe kwa muda wao.

Nawe Mhariri, waandishi wako wa burudani huwahoji waongozaji kila wiki kuhusu magari na wachumba. Filamu nyingine yenye dada wa kazi ikitoka, naomba wamuulize mwongozaji: huyu binti analipwa shilingi ngapi, na kwenye nyumba hiyo analala chumba gani?

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam