Kwa Rafiki Aliyekabidhiwa Bustani ya Mtaa

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, na tunaomba nanyi muwe wazima. Barua yako imenifurahisha mno. Majirani wamekuamini wakakupa usimamizi wa bustani yao, na naona wamemchagua mtu anayefaa. Nimekaa kukujibu kwa kirefu kwa sababu kazi hii naipenda na sitaki ikukatishe tamaa.

Siku ya kupanda watu watajaa. Watakuja na majembe na watoto wao, na hata wasiowahi kushika udongo watakuwepo. Wapokee kwa furaha, lakini usiwahesabu siku hiyo. Subiri wiki ya tano au ya sita, jua limeshika, magugu yanashindana na miche, na cha kuvuna bado hakipo. Atakayekuja na jembe wakati huo ndiye mwenzako wa kweli. Bustani nyingi za jumuiya hufia hapo katikati, kwa hiyo kila unalopanga sasa lipange ukikifikiria kipindi hicho.

Ndiyo maana nakuomba msilime kiwanja chote. Limeni sehemu mnayoweza kuipalilia mkiwa nusu ya watu walioahidi. Iliyobaki ifunikeni kwa maboksi yaliyofunguliwa na majani makavu juu yake, magugu yakose mwanga. Tuta lisizidi upana wa mita 1.2, ili mtu afike katikati kutoka kila upande bila kukanyaga udongo uliotifuliwa, na vijia viwe vipana kiasi cha toroli kupita. Kama mahali hapo paliwahi kuwa na nyumba ya zamani au gereji, udongo upimwe kwanza. Rangi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na risasi haiozi, inabaki udongoni miaka na miaka. Ikigundulika, jengeni matuta ya kuinuka kwa mbao, mjaze udongo safi.

Samadi mbichi isiguse mboga zinazoliwa bila kupikwa. Ichanganyeni kwenye lundo la mboji pamoja na majani makavu, lundo liwe na ukubwa wa mita moja kila upande, mlipatie unyevu na kuligeuza. Likienda vizuri ndani hupanda joto hadi nyuzi 55 za Selsiasi na zaidi, na joto hilo likikaa siku kadhaa huua mbegu nyingi za magugu na vijidudu vingi vya maradhi.

Sasa maji, maana hapa ndipo urafiki wa majirani unapojaribiwa. Kwa makadirio ya kawaida, mboga zinahitaji milimita 25 za maji kwa wiki, yaani lita 25 kwa kila mita ya mraba. Tuta la mita 1.2 kwa 5 linakunywa lita 150. Hizo ni keni za kumwagilia 15 za lita 10, kwa tuta moja, kwa wiki moja, kabla hujahesabu jua kali. Waambie watu hesabu hiyo mapema, kisha andikeni zamu kwenye ubao ambao kila mtu anauona, na kila zamu iwe na watu wawili ili mmoja akiugua mwingine awepo. Mwagilieni asubuhi, kwenye shina. Majani yanayolala yamelowa hukaribisha ukungu. Wekeni matandazo mazito, yaani majani makavu ya kufunika udongo, yatawapunguzia safari za bombani.

Utaona jambo hili kwenye nyanya. Tunda linaanza kuwa jeusi kitakoni, mtu anasema ni ugonjwa, mwingine anataka kununua dawa. Mara nyingi hakuna mdudu wala ukungu hapo. Udongo umekauka kupita kiasi, kisha umelowa ghafla, na kalsiamu, ambayo husafiri na maji, haikufika ya kutosha kwenye tunda. Kwa hiyo kabla ya kutafuta dawa, angalieni zamu za wiki zilizopita. Fanya hivyo kwa upole, bila kumtaja mtu mbele ya wenzake.

Palizi nayo isisubiri. Mmea mmoja wa mchicha pori ukiachwa ukomae unaweza kumwaga mbegu zaidi ya 100,000, na upepo hauulizi mpaka wa tuta la nani. Kwa hiyo tuta likitelekezwa ni shauri la wote. Kubalianeni mapema, kwa maandishi, ni muda gani likae bila mwenyewe kabla wengine hawajalipalilia, na muda gani kabla halijapewa mtu mwingine. Lakini kabla ya kanuni, nenda kabishe hodi. Huenda kuna mgonjwa ndani, au kazi imebadilika. Nimeona mtu akirudi kwa nguvu zote kwa sababu tu kuna aliyekwenda kumjulia hali.

Kuhusu mazao ya kuanzia, msimu wa kwanza chagueni yanayotoa haraka: figili huvunwa wiki nne hivi baada ya kupandwa, saladi ya majani nayo haichelewi. Watu wakipeleka kitu nyumbani mapema, moyo wa kupalilia nyanya unabaki. Ongezeni maharage, ambayo kwa msaada wa bakteria walio kwenye vinundu vya mizizi yake hujipatia naitrojeni kutoka hewani.

Kuvuna pia ni kazi ya zamu. Maharage mabichi yasipochumwa kila baada ya siku mbili tatu, mbegu hukomaa na mmea hupunguza maua. Mgao wenu uwe wazi: cha tuta la mtu ni cha mtu, cha matuta ya pamoja kigawanywe siku moja, wote wakijua. Wazee wasioweza kuinama wawekewe sehemu yao, na wakitaka kazi, wapewe kitalu cha miche, kiwekwe juu ya meza.

Msimu ukiisha, ng'oeni mabaki yote. Yenye ugonjwa yasiingie kwenye mboji. Chora ramani ya kila tuta lilikuwa na nini, kwa sababu nyanya, biringanya, pilipili na viazi mviringo ni ukoo mmoja na hushiriki magonjwa, hivyo visirudi tuta lile lile mwaka unaofuata.

Niandikie bomba liko umbali gani na matuta, na jua hukaa pale saa ngapi kwa siku. Nikishajua hayo nitakuchorea mpangilio. Nisalimie wote nyumbani, na wenzako wa bustanini pia.

Ni mimi rafiki yako akupendaye.