Malalamiko kuhusu sauti za Kiswahili katika filamu ya The House Bunny

Buruburu,
Nairobi.

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Bwana/Bibi,

Jumamosi usiku nilikodi The House Bunny ya 2008 kwenye programu yenu kwa shilingi 250, ile iliyotiwa sauti za Kiswahili. Nilimwekea mama yangu, aliyekuja kwangu kutibiwa mguu. Kiingereza cha Wamarekani humpita, nami nilikuwa nimemsifia Anna Faris, mwigizaji mkuu wa filamu hiyo, tangu asubuhi. Dakika arobaini zilipita bila mama kucheka hata mara moja, kisha akauliza kwa upole, "Ndiye huyu uliyesema anachekesha?"

Swali hilo ndilo limenifanya niwaandikie.

Hadithi ya filamu hii haina jipya. Shelley, anayeigizwa na Faris, anafukuzwa kwenye jumba la jarida la Playboy baada ya kutimiza miaka 27, akielezwa kuwa kwa hesabu ya pale huyo ni bibi wa miaka 59. Anaishia kuwa matroni wa nyumba ya wanachuo wasichana wasiotakiwa na mtu, itakayofungwa wasipopata wanachama wapya 30. Wanapambwa, wanapendwa, wanakosana, wanapatana. Waandishi wake wawili walikuwa wameshaandika Legally Blonde ya 2001, na njia ni ile ile. Anayeibeba ni Faris.

Shelley ana namna yake ya kukariri majina. Akitajiwa jina hulirudia kwa sauti nzito ya kukwaruza, kama mtu aliyepandwa na pepo, halafu papo hapo anarudia kisauti chake chembamba na tabasamu lake, asitambue kwamba aliye mbele yake ameshtuka. Kichekesho kiko hapo, katika wepesi wa kurudi. Katika toleo lenu, mtia sauti anayataja majina kama mwalimu anayeita rejista. Picha inamwonyesha Faris amekunja uso mzima, na sauti inayotoka haina habari. Mama alidhani televisheni imeharibika.

Si majina tu. Faris hutulia pumzi moja kabla ya kusema jambo la ajabu, kana kwamba amelifikiria sana, kisha hulisema akiliamini kabisa. Hambezi Shelley hata mara moja, na ndiyo maana tunampenda badala ya kumcheka. Pumzi hizo mmezijaza maneno, na mmempa Shelley sauti ya kudeka mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayebembeleza anunuliwe soda. Mmebaki na ile hadithi tupu, ambayo peke yake haifai shilingi 250.

Tafadhali msiseme Kiswahili hakiwezi. Mama huyu huyu alikuwa akishika mbavu kwa Mama Kayai na Mzee Ojwang katika Vitimbi, kile kipindi cha vichekesho cha televisheni, na Mama Kayai alijua kumtazama mtu akanyamaza mpaka sebule nzima ikaangua kicheko. DJ Afro naye husimulia filamu za watu juu kwa juu na watu wanafurahi, kwa sababu anatuletea uchekeshaji wake mwenyewe. Nyinyi mmeondoa wa Faris bila kuweka wa mtu mwingine.

Naomba mnirudishie pesa zangu kwa M-Pesa, kwa nambari niliyolipia. Naomba pia muweke toleo lenye sauti za asili na tafsiri ya Kiswahili iandikwe chini ya picha. Mkiamua kurekodi upya, mtafuteni mwigizaji wa vichekesho, naye aitazame filamu nzima kabla ya kushika kipaza sauti; aanze na yale majina.

Mama anarudi Malindi mwisho wa mwezi. Ningependa amwone Faris mwenyewe kabla hajaondoka, kwa hiyo nawaomba hayo maandishi mnijulishe mapema kama yatawezekana.

Wenu mwaminifu,
Mteja wenu, Buruburu.